Mkono Huu Ufanye Nini

Ndugu zangu, wagonjwa wenzangu, naomba mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Sista alitaka nisimame ili walio vitanda vya mwisho wanione, lakini nimetembea tangu alfajiri, basi hao wa mwisho wataniona kwa masikio. Namshukuru Mungu aliyenifikisha, maana njiani nilisimamishwa kila mahali na kila aliyenisimamisha alitaka kuisoma pasi yangu ya kutoka kijijini, hata yule asiyejua kusoma.

Nitasema Kiswahili. Naona hapa kuna watu wa Embu, kuna akina mama waliotoka huko chini Kiambere, na yule mzee wa pembeni ameniambia ni wa Kangeta. Nikianza Kiimenti changu nusu yenu mtasinzia. Kiswahili hiki nilikiokota Nanyuki mume wangu alipokuwa akifanya kazi huko, kwa hiyo kikichechemea mnisamehe.

Sista ameniita kwa sababu baadhi yenu mmeambiwa mtapasuliwa na tangu hapo hamli. Sikuja kuwaambia msiogope. Mimi niliogopa sana, na hata leo nilipoingia hapa mlangoni nikasikia harufu ya ile dawa, nilirudi nyuma hatua mbili. Nimekuja kuwaeleza tu yaliyonipata, nanyi mchukue mtakachoweza kuchukua.

Kazi ya handaki mwaijua. Kwa wale wa nchi kame ambao labda hamkulichimba, ni lile shimo refu tulilochimbishwa kwenye ukingo wa msitu, ili wapiganaji walio msituni wasishuke kuchukua chakula. Humo ndani tulipanda mianzi iliyochongwa ncha. Nasema tulichimbishwa sisi wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wameshachukuliwa. Wangu alipelekwa kizuizini nikiwa na mimba ya kitinda mimba wetu, na mpaka leo hajarudi. Naona hakuna homgadi wala askari mwingine wa serikali hapa ndani. Na kama yuko, mgonjwa ni mgonjwa, asikilize tu.

Sasa, sisi wanawake wa mlimani hubeba mzigo mgongoni, ukanda wa ngozi ukipita juu ya paji la uso. Hata nyinyi wa Embu na Mbeere ni hivyo hivyo. Uzuri wa ukanda wa kichwani ni kwamba ukiteleza unainua uso tu, ukanda unachomoka, mzigo unaanguka nyuma nawe unabaki umesimama. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Mwili unalijua wenyewe tangu utotoni.

Jumapili moja tulitolewa kanisani tukapelekwa moja kwa moja handakini. Mvua ilikuwa imebomoa sehemu fulani na hedimani, msimamizi wetu, alitaka irekebishwe siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimevaa kile kitambaa cheupe cha kichwani cha wanawake wa kanisa letu. Nilikuwa nimekifua Jumamosi kikatakata, na ukanda niliopewa ulikuwa na matope. Nikafikiri, kwa nini nikichafue? Nikaupitisha ukanda juu ya bega la kulia na chini ya kwapa la kushoto, kama mkanda wa askari. Mama mmoja aliniona akacheka, akasema leo tumepata koplo. Nami nikacheka.

Mzigo ulikuwa wa mianzi mibichi. Palikuwa na ubao wa kuvukia handaki, umelowa. Nilipofika katikati mguu ukateleza, nami nikainua uso kama kawaida. Uso uliinuka, mzigo haukutoka. Ukanivuta upande mmoja kuelekea shimoni, nikaudaka ubao kwa mkono wa kulia nikaning'inia na ule uzito wote mgongoni. Ndipo nikasikia kitu kinachanika ndani ya bega, kama nguo inayopasuliwa. Sikupiga kelele. Nilisikia baridi tu ikishuka mpaka vidoleni. Wenzangu wakanitoa. Na kile kitambaa kikawa kimejaa matope, kwa hiyo hata hicho sikukiokoa.

Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa mbaya ni ule usioonekana. Ningalivunjika mfupa ukatokeza nje, hedimani angaliniacha. Lakini ngozi ilikuwa nzima, damu hakuna, uvimbe kidogo tu. Akauangalia mkono akasema, huo ni mkono. Kesho yake nilikuwa handakini.

Watu wa nyumbani wakasema bega limeteguka. Nikapelekwa kwa nyanya mmoja wa chini kule karibu na Mitunguu, anayejulikana kwa kurudisha viungo. Simsemi vibaya, amewasaidia wengi. Alinikanda kwa majani ya mgomba yaliyopashwa moto, kisha akaniwekea kisigino kwapani akauvuta mkono kwa nguvu zake zote. Lakini mfupa haukuwa umetoka mahali pake, basi hapakuwa na mahali pa kuurudisha. Nilitoka huko nikiwa na maumivu zaidi ya niliyokwenda nayo, na hivyo ndivyo nilivyokaa miezi.

Kulima niliweza kidogo, nikibana kiwiko ubavuni. Kuinua sikuweza. Nikiuinua mkono wa kulia kwa huu wa kushoto unapanda vizuri, nikiuachia unaanguka. Kulala upande huo ilikuwa haiwezekani. Lakini hayo yote ningeyavumilia, kwa sababu miaka hii tumevumilia mengi mpaka tumesahau kuyahesabu. Lililonishinda ni mtoto.

Wanaume sikilizeni, maana hili hamlijui. Kumbeba mtoto mgongoni si kumtundika tu. Unainama, unamrusha nyuma, mkono mmoja unampokea mgongoni, mwingine unapitisha shuka juu ya bega. Mikono yote miwili lazima iweze kwenda juu na nyuma. Wangu wa kulia haukwenda. Siku moja mtoto aliteleza, nikamdaka mguu kichwa kikiwa karibu na mawe ya jikoni. Baada ya hapo sikumbeba tena. Dada yake alimbeba, jirani alimbeba. Akililia mgongo wangu nilikuwa natoka nje, nasimama nyuma ya nyumba mpaka anyamaze. Nilikuwa namwogopa mtoto wangu mwenyewe, na niliona aibu kumwambia mtu.

Pasi ya kuja hapa niliiomba nikanyimwa, nikaiomba tena nikanyimwa. Wenye mikono mizima hawaendi hospitali, waliniambia. Mwishowe mwalimu wa kanisa letu alikwenda kwa chifu akanisemea, sijui alisema nini, lakini alirudi nayo.

Hapa nikakutana na bwana daktari, na yule dresa wa Embu, mfunga vidonda, aliyekuwa akitafsiri. Wengi wenu mnamjua, yule anayetembea kama ana haraka hata akiwa hana pa kwenda. Daktari akauinua mkono wangu kwa upande, akaniambia nikae nao hapo, akauachia. Ukaanguka. Akapiga picha ya mifupa akaiangalia kwenye mwanga. Kisha wakazungumza, na dresa akanigeukia.

"Mama," akasema, "nyama ya bega inashikana na mfupa kwa kano, kama ukanda ulioshonewa kwenye kiondo. Kano yako imeng'oka. Mfupa mzima, nyama nzima, ila hakuna kinachovuta."

Nikauliza kama kuna dawa yake. Akasema ya kunywa hakuna. Halafu daktari akaeleza maneno marefu, na dresa akawa ananikatia vipande vipande. Tunaweza kuiacha ilivyo, akasema, nikapewa mazoezi, na maumivu huenda yakapungua, lakini mkono hautapanda. Au tunaweza kuukata mviringo wa kiungo na kuunganisha mfupa wa mkono na mfupa wa bega viwe kitu kimoja. Hapo maumivu yanakwisha, mkono unakuwa imara, jembe utalishika mpaka uzeeni. Ila kwenda juu ya kichwa au nyuma ya mgongo, hilo lisahau. Na kuna kushona. Unapasua, unaivuta kano mpaka mahali pake, unatoboa vitundu kwenye mfupa unapitisha uzi na kuifunga. Lakini mimi nilikuwa nimechelewa. Kano iliyokatika muda mrefu hujikunyata kama ngozi iliyoachwa juani, na huenda isifike tena. Ikikosa kufika, atakata utando kutoka pajani mwangu atie kiraka. Na hata hivyo inaweza kukatika upya, nikawa nimeteseka bure.

Nilijua daktari anaelekea wapi. Aliniona mtu wa kulima, na lile la kuunganisha mifupa ndilo la jembe. Nami nikajibu vile nilivyozoea kujibu miaka yote hii.

"Vile utakavyo, bwana."

Hayo ndiyo majibu yetu, sivyo? Hedimani akija, vile utakavyo. Homgadi akija, vile utakavyo. Jibu hilo halikupeleki kizuizini.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema neno fupi. Dresa akaniambia, "Anauliza, mkono huu unataka ufanye nini?"

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia aseme tena.

"Mkono huu, mama. Unataka ukufanyie nini?"

Ndugu zangu, nililia. Siwafichi. Tangu siku tulipoambiwa tubomoe nyumba zetu tukajenge zile za kubanana kijijini, tumeambiwa tulale wapi, tutoke saa gani, turudi saa gani, tuchote maji lini. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyeniuliza nataka nini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisahau kuwa kuna kitu nakitaka. Nililia mpaka dresa akaona haya akatazama dirishani.

Nilipotulia niliinuka nikachukua mto wa kitanda na shuka, nikainama, nikaurusha mto mgongoni kama mtoto. Ukaanguka sakafuni. Nikauokota, nikaurusha tena, ukaanguka tena. Nikasema, "Hivi. Nataka ufanye hivi. Na nikiwa na kuni, uende juu ushike ukanda hapa kichwani."

Daktari aliuokota ule mto mwenyewe. Akaukung'uta, akaurudisha kitandani, akazungumza na dresa.

"Anasema basi kuunganisha hakukufai. Ni kushona. Lakini hakuahidi, mama. Anataka ujue hakuahidi."

"Mwambie sijaahidiwa kitu siku nyingi," nikasema. "Nimezoea."

Nikapigwa nusu kaputi. Nilipoamka nikahisi maumivu pajani, nikashika nikakuta bendeji, nikadhani wamenichanganya na mgonjwa mwingine. Kumbe kano haikufika, ikabidi kile kiraka kitoke kwangu mwenyewe. Na hapa juu nilikuwa nimevikwa plasta kiuno mpaka shingo, mkono wa kulia umenyooshwa kwa upande, umeegemezwa kijiti kutoka kiunoni. Nilifanana na mtu anayeelekeza ng'ombe njia. Daktari akanionya kwamba mkono usishuke kabla yeye hajasema. Ukishuka mapema nyuzi zitakatika, na paja haliwezi kunikopesha tena.

Wodi ikajaa na pasi ikaisha. Nikarudishwa na lori mpaka karibu na kijiji chetu. Hapo kwenye geti la kuingilia kijijini ndipo nilipoiona hatari ya kweli.

Homgadi wa zamu alikuwa kijana wa ukoo wa jirani, mama yake namjua. Akauangalia ule mkono uliotokeza akauliza, "Humo ndani mna nini?"

"Mna mimi."

"Nitajuaje hukuficha risasi? Lazima ivunjwe." Akalishika rungu lake.

Nimewahi kuona mambo, ndugu zangu, lakini sijaogopa kama siku ile. Pigo moja tu na mkono ungeanguka, nayo kazi yote ingekwisha pale pale mbele ya geti. Nikamwomba.

"Usivunje, ndugu yangu. Chukua kijiti, kipitishe hapa shingoni, upekue mpaka uridhike."

Akakata kijiti chembamba akakiingiza kwa nyuma. Sasa mjue kwamba pale katikati ya mgongo palikuwa pananiwasha tangu siku ile plasta ilipokauka, na hakuna mkono wa binadamu uliopafikia.

"Shuka kidogo," nikamwambia. "Njoo kushoto. Hapo. Hapo hapo, usitoke."

Alikuna muda mzuri kabla hajagundua anafanya nini. Mwenzake akaangua kicheko, naye mwenyewe akashindwa kujizuia. Akakichomoa kile kijiti akanipa. "Nenda nacho, mama. Pita."

Nilipita. Nilipofika nyuma ya nyumba ya kwanza nikakaa chini.

Nyumbani mlango ulikuwa mwembamba, sikuingia mbele wala kwa ubavu. Jirani yangu akaleta jembe, akakata ukuta wa udongo mpaka mkono wangu ukapita. Aliniuliza tu kama nimekula. Ni yeye aliyekuwa akimnyonyesha mwanangu pamoja na wake muda wote nilipokuwa hapa.

Hedimani akaja kuniona. Akasema mkono wa kushoto unafanya kazi, kwa hiyo nije nichote maji ya wachimbaji. Wanawake wa mstari wetu wa nyumba wakamfuata kwake, wakamwambia kipimo changu cha handaki watakichimba wao. Sijui walikuwa wamekubaliana lini, mimi hawakuniuliza. Kila siku wakimaliza vipimo vyao wanabaki kukimaliza cha kwangu. Nami nilikaa mlangoni, nimeunyoosha mkono kama mjinga, nikiwatazama wakirudi jioni, migongo imepinda, wengine hawana hata mtu wa kuwawashia moto. Hilo lilinilemea kuliko plasta. Mara mbili tatu nilitaka niivunje mwenyewe niende nikachimbe.

Plasta ilipotolewa mkono ulibaki hewani wenyewe, mkavu, mwembamba kama wa mtu mwingine. Dresa akanifundisha kusimama karibu na ukuta na kupandisha vidole polepole, kama mdudu anayepanda. Nyumbani nikafanya kila asubuhi. Ule ukuta nilikuja kuuchukia. Kuna wakati vidole vilikwama mahali pamoja msimu mzima wa mvua, udongo pale ukalika ukawa shimo. Watu wa kanisa walikuja kuniambia niwe na imani. Nawaambia ukweli, imani wakati huo sikuwa nayo. Nilikuwa na ukuta.

Kidogo kidogo ukapanda. Ulipofika usawa wa sikio, nikageuka kumtafuta mtoto wangu, na mtoto wangu alikuwa anatembea. Alikuwa anamwita jirani mama. Akichoka alikwenda kwake, akilia alikwenda kwake. Mimi aliniangalia kama anavyowaangalia wageni. Nilikuwa nimepasuliwa bega na paja kwa ajili ya mgongo ambao hakuna aliyeutaka tena. Sikumlaumu mtu. Nilirudi ukutani tu kwa sababu nilishazoea.

Mwezi uliopita, kwa vile sasa tunaruhusiwa kwenda mashambani mchana, tulikuwa tunarudi mimi na jirani na watoto. Wangu akachoka. Jirani akainama ampokee kama kawaida. Mtoto akasimama, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Halafu akaja nyuma yangu akanipiga piga mgongoni kwa kiganja, vile wanavyofanya wakitaka kubebwa. Jirani alinyooka, akaangalia kando.

Nikainama. Nikamrusha, wa kushoto ukampokea, na huu hapa ukapanda na shuka ukavuka bega. Uliuma. Lakini ulivuka, na mtoto akakaa. Alilala kabla hatujafika mtoni.

Mkono si kama wa zamani, msije mkadanganyika. Unaishia sikioni. Debe la maji bado nalinyanyua kwa wa kushoto, na baridi ya Julai ikija bega linaumia tangu asubuhi. Hata daktari aliponiangalia leo alisema hapo ndipo mwisho wake. Nimekubali.

Nawashukuru wanawake wa mstari wetu, ambao hakuna hata mmoja aliyepata pasi ya kuja kusikia haya. Namshukuru mwalimu, na sista, na dresa pamoja na haraka yake. Daktari namshukuru kwa kushona, lakini zaidi kwa kuketi pale kitandani. Na yule aliyemnyonyesha mwanangu, kisha siku ile akanyooka akaangalia kando, huyo sijui nimshukuru kwa neno gani. Mungu ndiye atakayemlipa.

Kesho daktari atapita hapa. Atakuja kwako mwenye goti, na wewe mwenye nyonga, na wewe mzee wa Kangeta na bega lako. Atawaeleza njia mbili au tatu, na hakuna isiyo na uchungu. Kisha atauliza. Tumezoea jibu moja, najua, na limetulinda na mengi. Lakini mwili utakaopasuliwa ni wako, na wewe ndiye utakayerudi nao nyumbani. Usimpe jibu unalompa hedimani. Mpe lako.